Mkono Ndani ya Stokingi

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa kuuza stokingi. Mwaka ulikuwa 2003, katika duka kubwa la ghorofa kadhaa katikati ya jiji la Chicago, nami nilipangiwa kaunta ya nguo za ndani za kike: sidiria, chupi, magauni ya kulalia, na ukuta mzima wa stokingi zilizofungwa kwenye pakiti bapa kama bahasha. Siku ya kwanza nilifundishwa namna ya kumwonyesha mteja rangi. Unatoa stokingi ya mfano kwenye droo, unakunja ngumi ili kucha zisikwaruze uzi, unaingiza mkono taratibu mpaka karibu na kiwiko, halafu unafungua kiganja chini ya taa. Hapo mteja anaona itakavyomkaa mguuni.

Mteja wangu wa pili alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, mpole, ana haraka ya kuwahi treni. Alitaka ile iliyoandikwa rangi ya mwili. Nikaingiza mkono kama nilivyofundishwa, nikafungua kiganja, tukautazama sote wawili. Ulikuwa kama mkono uliochovywa kwenye unga wa muhogo. Kwenye vifundo vya vidole, pale uzi ulipovutika, weusi wangu ulichungulia. Kwingine kote ulipauka, rangi ya mtu aliyeinuka kitandani baada ya homa ndefu. Yule mama aliuangalia mkono, akaniangalia mimi, akasema bila ubaya wowote, "Labda tumwite mwenzako." Akaja binti wa kaunta ya jirani, Mzungu, akaingiza mkono wake, na stokingi ikatoweka. Ungedhani hajavaa kitu. Mama akalipa, akashukuru, akaondoka.

Nikabaki na pakiti mkononi. Neno lililoandikwa pale, kwa lugha yao "nude", ni lilelile linalotumika kwa mtu aliye uchi. Kwa hiyo ukisoma pakiti ile kwa makini, mtu akivua nguo zote, kinachobaki ni Mzungu. Mimi nikivua, sijui nabaki nini. Kalamu za rangi za watoto za Crayola zilikuwa na rangi iliyoitwa "nyama ya mwili", na kampuni ikaibadilisha jina mwaka 1962, miaka mingi kabla sijazaliwa. Kumbe kwenye stokingi habari hiyo ilikuwa haijafika. Kamusi ya Merriam-Webster nayo ilisubiri mpaka 2015 ndipo ikaacha kulieleza neno lile la pakiti, "nude", kuwa ni rangi ya ngozi ya mtu mweupe.

Sikutoka mahali pasipojua rangi, nisidanganye. Nimekulia Tanga. Kwetu kuna mweusi tii, kuna maji ya kunde, kuna mweupe anayesifiwa harusini kabla hata ya kuulizwa tabia yake, na kuna mkorogo unaouzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi na kuwaunguza dada zetu mashavu. Lakini hayo yote yalikuwa maneno ya watu kuhusu watu. Hakuna aliyewahi kunipa pakiti iliyochapwa kiwandani, yenye bei, inayosema mwili ni kitu fulani na mimi sicho.

Kwenye chumba cha mafundi cherehani, ghorofa ya chini, alikuwepo mama mmoja Mmarekani mweusi, mtu mzima wa karibu miaka 60, mnyoofu kama mnazi, miwani ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Nilipomwona mara ya kwanza nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nikamwamkia kwa Kiingereza cha kwetu, "Habari za asubuhi, anti." Alisimamisha mashine. Akasema, "Mimi si anti ya mtu yeyote humu dukani," akaendelea kushona.

Wiki mbili hakuitikia salamu yangu. Niliumia, kwa kuwa Tanga mwanamke wa rika la mama yako hutamwita jina lake hata kwa bahati mbaya. Ni mama, ni shangazi, ni bi mkubwa, ni anti. Heshima yenyewe ndiyo hiyo. Siku moja akanikuta kwenye chumba cha kulia chakula cha wafanyakazi, akakaa mbele yangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba kwetu neno lile ni la heshima, na kwamba sikujua nimekosa nini.

Akanieleza polepole, kama mtu anayefungua mshono alioushona mwenyewe. Alizaliwa Mississippi. Huko, alipokuwa mtoto, Mzungu hakumwita mwanamke mweusi "Bi Fulani" hata akiwa na miaka 80 na wajukuu. Cheo hicho kilikuwa cha Wazungu. Mweusi aliitwa kwa jina lake tupu, na akizeeka sana akaitwa anti, mwanamume akaitwa anko. Mtoto wa miaka mitano wa Kizungu alikuwa na ruhusa ya kumwita hivyo mama wa huyu fundi. "Ulishawahi kupita kwenye rafu ya unga wa chapati za maji?" akaniuliza. Nilishapita. Kila supamaketi ilikuwa na lile boksi lenye uso wa mwanamke mweusi anayetabasamu, limeandikwa Aunt Jemima. Nilishalinunua, tena nilidhani ni mama mwenye kiwanda.

Yule wa boksini hakuwahi kuwepo, lakini mwanamke wa kwanza aliyelipwa kumwigiza alikuwepo, na aliishi Chicago. Aliitwa Nancy Green. Alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1834, akaja Chicago kuwa yaya na mpishi, na kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893, yaliyofanyika Jackson Park, aliwekwa mbele ya umati kukaanga chapati na kusimulia uzuri wa maisha ya mashamba ya zamani, yaani mashamba ya utumwa. Watu walijaa kumtazama. Aligongwa na gari akafa mwaka 1923, akazikwa makaburi ya Oak Woods, kusini mwa jiji, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 2020.

Nilirudi dukani kulitazama boksi upya. Kilemba walikwishamvua mwaka 1989, wakamvisha hereni za lulu. Lakini nilimtambua sasa. Ni yaya ambaye hana mume, wala watoto wake hawaonekani popote. Kazi yake ni kulisha watoto wa wengine na kufurahia. Hatamani, wala hatamaniki, na ndiyo maana anaweza kuachiwa jiko na nyumba nzima na hakuna bibi wa nyumba atakayelala na wasiwasi. Mwili wake umegeuzwa kuwa chakula cha asubuhi.

Tangu siku ile sikumwita yule fundi anti. Nilimwomba ruhusa nimwite Bibi, kwa Kiswahili, akakubali baada ya kuuliza maana yake mara mbili. Nikamfundisha na shikamoo. Nilipomwambia kwamba wazee wa kwetu hulieleza neno hilo kuwa ni "nashika miguu yako", alinyamaza kidogo. Kisha akachukua karatasi ya kaki aliyokuwa anakatia patani, akaweka kiatu chake juu yake, akauzungusha mguu kwa chaki. "Hivi ndivyo mama alivyoninunulia viatu," akasema. Katika maduka mengi ya Kusini mweusi hakuruhusiwa kujaribu kiatu, kofia wala gauni, maana kikishagusa ngozi yake Mzungu hatakinunua. Kwa hiyo mama anachora mguu wa mtoto nyumbani kwenye karatasi, anaenda nayo dukani, muuzaji analaza kiatu juu ya mchoro. Kikibana, ndiyo hivyo, hakirudishwi. Alikunja ile karatasi, akaitupa. Mimi niliiokota baadaye. Ninayo mpaka leo.

Huo ulikuwa upande mmoja. Upande wa pili nilikutana nao peke yangu, na nimechukua miaka mingi kuuandika, maana kwetu mambo ya chumbani hayaandikwi.

Niseme tu kwamba mimi ni mtoto wa pwani, nilikuwa na somo. Alinifunda kabla ya harusi: singo, udi wa kufukizia nguo, namna ya kukaa na mwili wako bila kuuonea haya. Aliponimaliza alinivisha shanga, nyuzi tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Akaniambia sauti ya shanga ni yako kwanza, halafu ya mumeo, na mtu wa tatu hayumo. Nilizivaa nikiwa Tanga, nikasafiri nazo, nikawa nazo Chicago chini ya sare ya duka. Wakati wa baridi, nikiwa nimejifunika makoti mawili, nikizisikia zinagongana ninapoinama kufungua droo, nilikuwa najua bado mimi ni yuleyule.

Mwenzangu mmoja aliziona tunabadilisha nguo. Akauliza, nikamweleza kidogo, kwa wema, kwa kuwa tulikuwa wanawake wawili. Kabla wiki haijaisha wanaume wa stoo walikuwa wanajua. Mmoja akaniomba nimchezee kidogo asikie. Mwingine akasema amewahi kuwa na wanawake wa kila aina ila Mwafrika hajamwonja. Neno lake lilikuwa hilo, kuonja, na pete ya ndoa niliyovaa aliiona. Nilikwenda kwa meneja. Akasema wananisifia, akaniuliza huko kwetu hatusifiwi. Nikarudi kaunta, nikauza sidiria mpaka saa mbili usiku. Nyumbani nilikata uzi kwa wembe, nikazimimina shanga kwenye kopo la mafuta ya nazi. Mume wangu aliuliza kuna nini. Nikasema uzi umechakaa.

Baada ya hapo nilianza kusikia kinywa kila mahali. Kaunta ya vipodozi ilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Poda za Wazungu ziliitwa kauri, pembe ya ndovu, lulu: vitu vya kuwekwa kabatini na kutunzwa. Zetu, chache zilizokuwepo, zilikuwa chakleti, karameli, kahawa, mdalasini. Ndiyo, najua, na sisi tuna maji ya kunde. Lakini anayesema maji ya kunde amekulia kwenye nyumba inayopika kunde, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa rangi hiyo. Halambi midomo akisema. Na hiyo pembe ya ndovu ilinikaa rohoni kwa sababu nyingine: katika karne ya 19 meli za Marekani zilizichukua pembe Zanzibar, zikienda kutengenezewa vichanio na vitufe vya piano, na zenyewe zikaleta kitambaa cha pamba ambacho mababu zetu wakakiita merikani. Pamba yake ililimwa Kusini na watumwa. Bibi yangu mzaa mama alizikwa kwa sanda tuliyokuwa bado tunaiita merikani. Mambo haya hayakuanza nilipopanda ndege.

Nilimwambia Bibi habari ya shanga. Hakushangaa. Alisema bibi yake mwenyewe alikuwa na macho ya kijani, na katika nyumba yao hakuna aliyeuliza macho yale yalitoka wapi. Ndugu waliyaona tu kila siku mezani.

Niliyaelewa macho yale baadaye, nilipoanza kusoma chuo jioni. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, baba awe nani. Kwa hiyo bwana aliyemwingilia mjakazi wake hakuwa amejiletea aibu ya kulea. Alikuwa ameongeza mali. Na ili dhamiri ilale, ikabidi isemwe kwamba mwanamke mweusi ndiye mwenye tamaa, ndiye anayetaka saa zote, kwamba kwake hakuna kubakwa. Yule kijana wa stoo hakuijua sheria hiyo, nina hakika. Lakini aliponiangalia kiuno alikuwa anaangalia kwa macho yaliyotengenezwa nayo.

Pwani yetu ilikuwa na watumwa na masuria, Pangani si mbali na kwetu. Kwa sheria ya dini mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alimfuata baba, akawa huru. Siitaji tofauti hii kuutakasa utumwa wetu, maana mama wa mtoto yule hakuulizwa kama anataka. Naitaja kwa sababu ilinionyesha kwamba rangi jinsi ilivyo Marekani ilitungwa na watu, kwa kalamu, mwaka unaojulikana, na kitanda kilikuwa ndani ya hesabu.

Kulikuwa na jambo jingine pale kaunta, dogo mpaka niliona haya kulisema. Baadhi ya wateja hawakunipa hela mkononi. Mkono wangu uko mbele yao, kiganja wazi, wao wanaweka noti juu ya kaunta. Kwetu kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia ni adabu, kwa hiyo hela inapotupwa mezani unaisikia. Bibi alisema Kusini ilikuwa hivyo pande zote mbili: hata mteja mweusi alitegemewa aweke senti zake juu ya kaunta, hasa muuzaji akiwa mwanamke wa Kizungu, ili mikono isikutane. Halafu akaniuliza kama namjua Emmett Till.

Emmett alikuwa mtoto wa Chicago, wa mitaa hiihii ya kusini. Agosti 1955, ana miaka 14, alikwenda Mississippi kutembelea ndugu. Akaingia kwenye duka dogo katika kijiji kinachoitwa Money kununua bigijii. Kaunta ilikuwa na mwanamke wa Kizungu wa miaka 21. Kilichotokea hakikufika hata dakika chache: inasemwa alipiga mluzi. Siku chache baadaye mume wa yule mwanamke, na ndugu wa mume huyo kwa mama, walimtoa kitandani usiku kwa bunduki, wakamtesa, wakamuua, wakamtupa katika mto Tallahatchie. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, liliwaachia baada ya kushauriana kwa muda wa saa moja na dakika chache. Mwaka uliofuata wakaliuzia jarida habari yao na kukiri kuwa walimuua.

Mama yake Emmett, Mamie, alikataa jeneza lifungwe. Bibi alikuwa na miaka tisa, familia yao imehamia Chicago mwaka uliotangulia. Mama yake alimpeleka kwenye foleni nje ya kanisa, barabara ya State, maelfu kwa maelfu ya watu, jua la Septemba. Jeneza lilikuwa na kioo juu. Alipofika zamu yao mama yake alimwinua aone. Bibi hakunieleza alichoona. Alinieleza kwamba kaka yake mkubwa, waliporudi nyumbani, alikalishwa kwenye kiti cha jikoni na kufundishwa upya namna ya kuingia dukani: macho wapi, mikono wapi, hela wapi.

Huyo ndiye mwenzake yule wa kuonjwa. Mwanamke mweusi anatamaniwa na kila mtu, mwanamume mweusi anadaiwa kumtamani kila mtu, na wote wawili hawaulizwi. Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi, aliyaandika hayo mapema. Mwaka 1892 marafiki zake watatu waliuawa na kundi la Wazungu huko Memphis. Walikuwa na duka la vyakula, People's Grocery, lililokuwa linamnyang'anya wateja Mzungu mwenye duka jirani. Ida alichunguza mauaji ya namna hiyo, kesi baada ya kesi, akaandika gazetini kwamba hadithi ya weusi kubaka wanawake wa Kizungu ni uongo uliochakaa. Ofisi ya gazeti lake ikavunjwavunjwa. Akahamia Chicago, na kwenye yale maonyesho ya 1893, wakati Nancy Green anakaanga chapati, Ida alikuwa anagawa kijitabu cha kupinga jinsi weusi walivyotengwa pale. Wote wawili wamelala Oak Woods. Nimewazuru kwa siku moja, kwa miguu, kutoka kaburi hadi kaburi. Natamani ningejua kama waliwahi kusalimiana.

Mwanangu alizaliwa 2005. Alipokuwa mdogo wateja walikuwa wanamshika mashavu. Alipofika miaka 12 walinzi wa maduka walianza kutufuata, na nikajikuta nimemkalisha kwenye kiti cha jikoni. Mikono isiingie mfukoni ukiwa ndani ya duka. Kofia ya sweta isiwe kichwani. Usichukue kitu na kukirudisha mara mbili mbili. Na risiti, mwanangu, siku zote omba risiti, hata ya bigijii. Maneno yalinitoka na nikasikia sauti ya mama ambaye sikuwahi kumwona.

Alipokuwa na miaka minane alipenda tangazo moja la Cheerios. Mtoto wa kike, mama Mzungu, baba mweusi. Mtoto anaambiwa nafaka zile ni nzuri kwa moyo, anakwenda kumwagia baba yake kifuani akiwa amelala. Hilo tu. Matusi yaliyoandikwa chini yake kwenye YouTube yalikuwa mengi na machafu mpaka kampuni ikafunga sehemu ya maoni. Hiyo ni 2013. Ndoa kama ile ilihalalishwa nchi nzima na Mahakama Kuu mwaka 1967. Jimbo la Alabama lilikaa na katazo hilo katika katiba yake mpaka mwaka 2000, na siku ya kulifuta, wapiga kura kama wanne katika kila kumi walitaka libaki. Mimi niliingia nchi hii miaka mitatu baadaye.

Bibi alifariki 2016. Hakuziona poda za Fenty zilizokuja mwaka uliofuata zikiwa na rangi 40, ambazo nilipanga foleni kuzinunua, nikapata yangu, nikajipaka kwenye mkono uleule na ikazama bila kuacha alama. Nilibaki nimeutazama mkono ule kwa muda mrefu kaunta pale, watu wakinipita. Hakuona pia ile Juni ya 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, kampuni ilipotangaza itamwondoa Aunt Jemima kwenye boksi. Nilitegemea nitafurahi zaidi. Rafu ilisafishwa, boksi likapewa jina la kinu cha unga, na Nancy Green hakutajwa. Kuifuta sura ni rahisi. Wangechapa jina lake, mwaka wa kuzaliwa, na neno mtumwa, chapati zingelika vilevile.

Masika ya 2022 mwanangu alinijia jikoni akaniambia amealikwa dansi ya shule na binti mmoja. Alinionyesha picha. Mzungu, nywele za rangi ya mahindi, meno yenye nyaya. Mwezi Machi mwaka huohuo rais alikuwa ametia saini sheria inayoitwa kwa jina la Emmett Till, ya kufanya mauaji ya makundi kuwa kosa la nchi nzima. Muswada wa kwanza wa namna hiyo ulipelekwa bungeni mwaka 1900. Nilijua vyote hivyo, nilijua mwaka gani tuko, na bado magoti yangu yalilegea mpaka nikakaa. "Mama, vipi?" akauliza. Nikamwambia nimechoka na kazi. Binti mwenyewe alikuja nyumbani siku iliyofuata, akanisalimia "shikamoo" kwa matamshi aliyofundishwa njiani. Nikaitikia marahaba, nikamwekea maandazi.

Usiku wa dansi nilimfunga tai mwanangu. Baada ya kuondoka nilitoa kopo la mafuta ya nazi, nikaandaa kazi ya mikono: uzi mpya, sindano nyembamba, miwani. Shanga nyeupe, nyekundu, nyeusi. Nimekuwa nikizivaa tena tangu Bibi alipofariki, ila uzi mmoja ulikuwa umekatika. Nilitunga moja moja ili saa zipite. Saa tano na nusu hakuna mtu. Saa sita kasoro dakika kumi nikasikia ufunguo.

Aliingia na koti begani, tai imelegea, amekunywa soda nyingi kuliko usingizi wake. "Shikamoo mama. Bado hujalala?" Nikamuuliza ilikuwaje. Ilikuwa nzuri. Walicheza, wakapita dukani, wakamrudisha binti kwao, baba yake akampa mkono. Akainama akanibusu kwenye paji la uso, na kabla ya kwenda kulala akatoa kitu mfukoni akakiweka mezani mbele yangu, karibu na shanga, bila kusema neno.

Ilikuwa risiti, imekunjwa mara nne. Nikaifungua chini ya taa. Soda mbili, chipsi, bigijii pakiti moja. Nikaisoma yote, mpaka saa iliyochapwa chini.